Mama Mkwe Juu ya Bati

Utotoni sikuwa na ugomvi na ndege. Ugomvi ulianza nilipojifunza kufunga sola. Mtu asiyeifanya kazi hii anadhani adui wa paneli ni vumbi, au mvua ya mawe, au mwizi. Mimi nitakuambia adui ni kindege kisichojaa kiganja, ambacho kimegundua kwamba kati ya paneli na bati kuna nafasi ya vidole vinne, yenye kivuli mchana na joto usiku, na hakuna paka anayefika. Nimeshatoa chini ya paneli za watu majani makavu ya migomba, nyuzi za magunia, manyoya ya kuku, nywele za kusukia, na mara moja soksi nzima ya mtoto. Vinyesi vinaganda kwenye kioo, majani yanashika unyevu, waya zinadonolewa, halafu mwenye nyumba ananipigia simu kunieleza kwamba nilimuuzia paneli feki. Hapo hasira yangu inapanda, na wanaonijua wanasema huwa haina safari ndefu.

Ninaishi Bilele, Bukoba mjini. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari, na kwao ni Buganguzi, wilaya ya Muleba. Nyumba ya wazazi wake imeingia ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba la familia, kiasi kwamba ukisimama barabarani unaona migomba na moshi wa jikoni tu. Nguzo za umeme ziliishia hukohuko barabarani. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu mwenye kisukari cha miaka mingi. Anachomwa sindano ya insulini kila siku, na anayemchoma ni mama mkwe. Dawa hiyo inataka baridi. Kabla hawajapata friji, mama mkwe aliitunza kwenye chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, na katikati yake kulikuwa na mchanga ambao aliumwagilia maji asubuhi na jioni. Alifanya hivyo miaka sita na hakusahau hata siku moja. Baadaye watoto wakachanga, wakanunua friji ndogo ya sola, nami nikafunga paneli tatu juu ya bati.

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Akipita anavuta kanga upande ulipo wewe, nawe unajifanya umeona kitu cha maana sana kwenye mgomba wa jirani. Vijana wengi wameyaacha haya, na siku hizi kuna mama wakwe wanaopiga picha harusini wakiwa wamekumbatiana na wakwe zao. Wangu hakuyaacha. Ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, ana simu ya kupangusa, anajua bei ya kahawa kabla wanunuzi hawajaitamka, lakini katika hili alibaki alivyofunzwa. Katika miaka kumi na minne ya ndoa yangu tulikuwa hatujasemezana ana kwa ana. Tulisalimiana kwa mbali, kila mtu akiisalimu hewa.

Sasa mkwe wa namna hiyo atapandaje juu ya nyumba? Kuwa juu ya paa wakati mama mkwe yuko chini yake ni kumkalia kichwani. Kwa hiyo siku ya kufunga paneli aliondoka. Alichukua mkeka wake akaenda kukaa mpakani mwa kibanja, kwa jirani, akanipa mgongo mpaka niliposhuka. Huo ndio ukawa utaratibu wetu. Akitaka kuniambia kitu, anampigia simu binti yake Bilele, na binti yake ananipigia mimi. Mara moja mke wangu aliitwa kutoka darasani akidhani kuna msiba; kumbe mama yake alitaka nijue kwamba kuna uji umewekwa kwenye kizingiti. Ujumbe ulitoka Buganguzi ukaenda mjini ukarudi Buganguzi, ili uvuke uwanja wa hatua sitini.

Nilikuwa nikilicheka jambo hili kwenye vijiwe vya mafundi. Nililicheka kwa sababu sikujua bado nina mama mkwe wa aina gani.

Shida ilianza mwaka juzi, msimu wa mvua. Shomoro walijaza majani chini ya paneli zote tatu, maji yakakaa, kichwa kimoja cha kuungia waya kikaungua. Friji haikuzima, ingezima tungejua. Ilidhoofika tu, ikawa inaunguruma mchana na kupoa kidogo. Insulini iliyopata joto haibadiliki rangi wala harufu. Mama mkwe alimchoma mzee dawa iliyokwisha kufa kwa siku kadhaa, kwa kipimo kilekile na kwa uangalifu uleule, na mzee akaanza kuongea maneno yasiyofuatana. Tulimfikisha hospitali akiwa hamtambui binti yake. Mama mkwe alikaa naye siku zote hizo, na aliyoyawaza sijui, ila mke wangu alinisimulia kwamba mama yake alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe muda mrefu.

Mzee alipona. Waliporudi nyumbani, mama mkwe alinunua kipimajoto cha friji, akawa anakisoma kabla ya kila sindano. Kisha akampigia binti yake, na binti akaniletea maneno yake yalivyo: hataki madoido kwenye kazi, anataka ndege wasirudi. Ninajisifu kwamba nimefunga sola za shule na za zahanati. Sikuwahi kupewa kazi iliyonikaa kifuani kama ile.

Nilikwenda na wavu wa kuku, waya wa kufungia, na hasira zangu. Mama mkwe akachukua mkeka wake akaenda mpakani. Nilisafisha viota vya shomoro kwenye paneli mbili za chini, vyote vikiwa vitupu, nikabadilisha kile kichwa kilichoungua, nikaanza kuzungusha wavu kwenye kingo za paneli. Huruhusiwi kutoboa fremu ya paneli. Ukitoboa, waranti imekufa, na maji yanapata njia. Unabana kwa vishikizo na kufunga kwa waya, pembe kwa pembe. Ni kazi ya kuchuchumaa juu ya bati la moto na kutumia vidole, na haitaki haraka.

Nilipofika paneli ya tatu, ile ya juu karibu na kilele cha paa, wingu lilikuwa limeshatanda kutoka upande wa ziwa. Nilimwona mama mkwe kule mpakani kwenye mkeka, mgongo wake umenielekea. Nilijua kwamba hata mbingu zipasuke hataingia ndani maadamu mimi niko juu, wala hataingia kwa jirani, kwa sababu jirani alikuwa shambani na mlango umefungwa. Matone ya kwanza yakaanza. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, anayemtunza mgonjwa, anyeshewe kwa sababu yangu? Nikakaza mkono. Paneli ya tatu sikuiinamia, sikuchungulia chini yake, nilizungusha wavu kama mtu anayefunga mzigo kwenye pikipiki, nikakata, nikashuka, nikaondoka kwenye mvua hiyohiyo ili yeye aingie.

Kesho yake nilikuwa na kazi nyingine Nshamba, kwa hiyo nililala hukohuko. Asubuhi nikafungua begi, nikakuta mita yangu ya kupimia umeme haipo. Nilikuwa nimeiacha Buganguzi kwa haraka zangu. Nikawasha pikipiki, nikaenda kuichukua bila kumwambia mtu, kwani ni kitu cha kuingia na kutoka.

Nilipotokeza uani, cha kwanza kuona kilikuwa baba mkwe. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha uvivu, ila kiti kimesogezwa hadi ukutani, na mzee ameshika miguu ya ngazi kwa mikono miwili, huku mguu wake mmoja umeikanyaga ngazi isiteleze. Cha pili kilikuwa suruali ya kahawia juu ya bati, karibu na paneli ya tatu, na koleo linakata wavu wangu.

Nilikasirika sana, sitaficha. Niliona wazi kwamba wameita fundi mwingine, tena kabla wavu wangu haujalala usiku wa pili, na huyo fundi yuko pale anakosoa kazi yangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo nikaona kwamba chini ya ile suruali kuna nyayo za miguu ninazozijua, na kwamba suruali yenyewe ni ile ambayo baba mkwe alikuwa akiendea shuleni.

Mzee aliinua uso, akasema kwa sauti ya darasani, "Mkwe wako amefika."

Koleo likasimama. Kwetu wazee walikuwa wakisema kwamba mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mume wake, kabisa, na huyu alikuwa amepanda, na mkwe wake yuko chini, na yeye amevaa suruali. Hakuna kanga kichwani ya kuvuta wala mpaka wa kibanja wa kwenda. Mimi nilifanya kitu pekee nilichoweza kufanya. Niligeuka nikaelekea migomba, nikaweka mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Nilisubiri kusikia akiomba ngazi ishikwe ashuke. Badala yake nikasikia sauti ambayo kwa miaka kumi na minne nilikuwa nikiisikia jikoni ikizungumza na wengine.

"Mkwe," alisema, "huku kuna waya umedonolewa. Shaba inaonekana. Nikishika itanifanya nini?"

Umeme wa paneli tatu zile si wa kuua mtu kirahisi, ila mshtuko mdogo tu, juu ya bati lenye mteremko, kwa mwanamke wa umri ule, unatosha. Nikamwambia asiguse, asisogee, nakwenda kuzima swichi. Nilipiga hatua mbili kuelekea mlangoni ndipo akili ikanirudia: swichi ya ndani inakata umeme wa friji, haikati wa paneli. Jua likiwaka paneli inazalisha, utake usitake, na jua lilikuwa limeshawaka. Nikarudi kwenye migomba yangu.

"Funika paneli yote," nikasema. "Una nguo?"

Nikasikia kanga inafunguliwa. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameikunja na kuifunga kiunoni kama mshipi, akaivua akaitandaza juu ya kioo, na pale ilipobaki nafasi akaongeza kitambaa cha kichwani. Nikamweleza kwamba waya ule, mbali kidogo na palipodonolewa, una kichwa cheusi chenye masikio mawili. Abonyeze masikio yote pamoja kisha avute. Mafundi vijana niliowafundisha huhangaika na kichwa hicho, wengine huking'ata kwa meno. Nilisikia mlio mdogo, kama wa kuvunja kijiti.

Akasema kimetoka.

Nikamwongoza namna ya kuunganisha zile paneli mbili zilizobaki ziende peke yake, mimi nikisema, yeye akirudia kila neno kabla ya kutenda. Hakuna mahali nilipomwambia mara mbili. Katikati ya kazi aliniuliza kwa nini waya mwekundu hauendi kwa mwekundu mwenzake, na swali hilo ni la mtu aliyeelewa, kwa sababu asiyeelewa haoni cha kuuliza. Nilimjibu nikiwa nimeutazama mgomba mmoja kwa muda ambao sijawahi kuutazama mgomba wowote. Hadi leo naweza kukuambia una majani mangapi yaliyochanika.

Alipomaliza ndipo alipoeleza kilichompandisha. Sauti za makinda zilianza jioni ileile nilipoondoka, zikaendelea usiku kucha. Kulipokucha aliwaona wazazi wao, wale ndege weusi na weupe wanaotembea uani wakitikisa mkia, wanakwenda na kurudi juu ya bati na wadudu mdomoni, wanauzunguka wavu. Nilikuwa nimewafungia makinda ndani, manne, chini ya paneli ambayo sikuiinamia.

Kila ukoo kwetu una muziro wake, mnyama au ndege au samaki ambaye ukoo haumli, haumuui, wala haumwachi ateseke mikononi mwake. Muziro wa ukoo wa baba mkwe ni ndege yule. Nilikuwa nimefunga muziro wa mzee kwenye wavu, juu ya kichwa chake, afe kwa njaa huku yeye akisikiliza kutoka kitandani. Mimi ningewatoa na kuwatupa, nasema ukweli. Ningewatoa hata kama ningejua ni muziro, kwa sababu nilikuwa nimemwona mzee yule hamtambui binti yake, na kati ya makinda manne na sindano ya mtu mmoja sikuona cha kupima. Na kilichonishangaza ni kwamba mzee mwenyewe alikuwa upande wangu. Alisema palepale, bado ameshika ngazi, kwamba alimwambia mke wake alfajiri atume mtu awatoe, ukoo utaelewa, dawa kwanza. Alisema hivyo bila kuinua macho, kwa namna ya mtu anayetoa kitu ambacho hataki kitoke.

"Nilimwambia vyote viwili," mama mkwe alisema kutoka juu. "Dawa itapoa na hawa wataruka."

Niliichukua mita yangu kwenye dirisha nilipoisahau, nikaaga nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaondoka ili ashuke. Njiani kwenda Nshamba nilisimamisha pikipiki nikampigia mke wangu, nikamwuliza kwa ukali kidogo kwa nini mama yake hakumpigia yeye, nami nilikuwa karibu tu, pikipiki nusu saa. Aliniambia ngoja amwulize. Simu ilipita njia yake ya kawaida, na jibu likanifikia nikiwa bado palepale njiani. Mama alisema kwamba kama angeniita ningejua nimekosea. Aliona afadhali apande akate, atoboe mlango wa kupitia ndege, halafu baadaye anitafutie sababu nyingine ya kurudi kuziba. Hakutaka nijue.

Nilikaa juu ya pikipiki nikiwa nimezima injini. Mimi ni mtu ambaye mteja akilalamika, namwambia kwanza kosa ni lake. Na kumbe kuna mtu alikuwa tayari kuvunja kila alichofunzwa na kupanda bati kwa miguu mitupu, ili mimi nisiaibike mbele yangu mwenyewe. Nililia kidogo. Hakukuwa na mtu barabarani isipokuwa mama mmoja na mkungu wake wa ndizi, na alinisalimia kwa heshima akapita.

Makinda yale yalihitaji kama wiki mbili kabla ya kuruka, na waya ule usingetengenezwa bila kukivuruga kiota. Kwa wiki hizo mbili friji ilikuwa na paneli mbili badala ya tatu, tena msimu wa mvua. Nilipiga hesabu nikaona haitoshi, nikamwambia mke wangu, naye akamwambia mama yake. Mama mkwe alijibu kwamba itatosha. Alichofanya ni kuondoa kila kitu kingine kwenye betri. Taa zote zilizimwa, wakarudia koroboi. Simu ilipelekwa kuchajiwa dukani barabarani. Redio ya mzee, ambayo kwayo anamjua kila waziri na kila kocha, ilinyamazishwa, na mzee akakubali. Friji ilifunguliwa mara moja tu kwa siku, wakati wa sindano. Juu ya mlango wake alifunga blanketi, kisha akasuka mapazia mawili ya majani makavu ya migomba akayaning'iniza mbele ya ukuta wenye jua ili chumba chenyewe kipoe.

Siku mbili mfululizo jua halikutoka kabisa. Kipimajoto kilipoanza kupanda, hakungoja kifike pabaya. Alitoa vile vyungu viwili vya zamani stoo, akachota mchanga, akaulowesha, akahamishia dawa humo, na kipimajoto akakiweka humohumo. Fundi wa sola alikuwa Bilele anazungukazunguka sebuleni na simu mkononi, na mwanamke aliyesoma hadi darasa la saba alikuwa ameshatatua. Sukari ya mzee aliipima kila asubuhi na jioni. Binti yake aliniletea namba hizo kila siku, nami nilizisubiri kuliko matokeo ya mpira. Hazikuyumba.

Mzee naye, kwa kukosa redio, alikuwa akisikiliza bati. Alimwambia binti yake kwenye simu kwamba makinda yameanza kutembea, kwamba moja lina sauti nzito kuliko wenzake, kwamba mama yao anachelewa saa saba mchana. Mke wangu alisema hajamsikia baba yake akiongea hivyo tangu aumwe. Asubuhi moja mzee akampigia binti yake yeye mwenyewe: yote manne yametua uani, yanatikisa mikia, na mama yako anawafukuza kuku wasiyasogelee.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na wavu wa chuma mgumu, wa matundu madogo, na safari hii sikwenda na hasira. Nilikuta kwenye kizingiti, juu ya gunia, vipande vya kadibodi vilivyokatwa kwa mawimbi. Kumbe siku ile juu ya bati aliona kitu ambacho mimi kwa miaka ya kazi nilikuwa nakipita. Wavu wangu niliukata ukingo ulionyooka, lakini bati lina migongo na mabonde; kila bonde lilibaki mwanya mdogo, ambao ndege mwenye subira angeupanua siku chache tu akapita. Alichukua kipande cha bati kilichobaki siku ya ujenzi, akalaza kadibodi juu yake, akafuata mawimbi kwa kisu. Akaacha nafasi ya hewa upande wa juu, ndogo kuliko kichwa cha ndege, kwa sababu alishika paneli kwa mkono siku ile akajua inaunguza. Nilivipanga vipande vile kwenye ukingo wa bati. Vilikaa kama mfuniko kwenye sufuria yake. Sijawahi kufunga paneli bila vipimo vya namna hiyo tangu siku hiyo, na wateja wanaosifu kazi yangu huwaambia kwamba nilifundishwa, na hawaulizi na nani.

Nikaegemeza ngazi, nikakohoa, nikasubiri achukue mkeka wake aende mpakani. Wingu lilikuwa limeshaanza kujikusanya upande wa ziwa. Nilimsikia anatoka jikoni. Alikuwa na kanga yake kichwani, ameivuta upande wangu kama siku zote, lakini hakuelekea mpakani. Alikuja hadi kwenye ngazi. Baba mkwe alikuwa amelala. Alikuwa amechomwa sindano yake na kula.

"Panda," aliniambia. Alikuwa ameshika miguu ya ngazi kwa mikono yote miwili, macho ameyaelekeza chini.

Nilimwambia kwamba mvua inakuja, na kwamba mimi nitakuwa juu yake.

"Naona," akasema. "Siku ile ulikimbia kwa ajili yangu ukakosea. Leo usikimbie."

Nikapanda. Nilianza na paneli ya kwanza, nikalala kifudifudi juu ya bati, nikaingiza mkono chini yake hadi bega, nikapapasa kila pembe. Nikafanya hivyo kwa ya pili. Nikafanya hivyo kwa ya tatu, nikatoa kile kiota kilichobaki kitupu, nikaunganisha waya mpya, nikafunga wavu kufuata mawimbi aliyokata, bonde kwa bonde. Manyunyu yalianza nikiwa nusu ya kazi, yakawa mvua ya kawaida ya kwetu, ile isiyo na kelele wala haraka. Nilichungulia chini mara moja tu, nikamwomba aingie ndani. Hakusogea, nami sikuharakisha.

Niliposhuka, kanga yake ilikuwa imeloa hadi ikashika kichwani, na mikono yake ilikuwa bado kwenye ngazi.